Sungura, Chura na Kipimo cha Mimba

Wako wanaouliza kama ni haki wanyama kuteseka maabara ili sisi tupate tiba. Wengine hujibu upesi kwamba bila wanyama hakuna dawa. Kabla ya kubishana, tukitazame kipimo kimoja ambacho akina mama wengi wanakifahamu: kipimo cha mimba.

Siku hizi mama hutuletea mkojo kidogo, tunachovya kijikaratasi, na baada ya dakika chache jibu lipo. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1928 madaktari wawili wa Berlin, Aschheim na Zondek, walitangaza kipimo chao. Panya wadogo wa kike walichomwa sindano za mkojo wa mama kwa siku kadhaa, kisha waliuawa na kupasuliwa ili vifuko vyao vya mayai vitazamwe. Mwaka 1931 huko Marekani, Friedman alitumia sungura. Watu walidhani kwamba sungura akifa, basi mama ana mimba. Sivyo! Kwa kawaida sungura aliuawa hata kama mama hakuwa mjamzito.

Katika miaka ya 1930 kikaja kipimo cha chura wa Afrika Kusini, kutokana na utafiti wa Mwingereza Hogben huko Cape Town. Chura jike akichomwa mkojo wa mjamzito, hutaga mayai ndani ya siku moja. Huyu hakuuawa, na aliweza kutumika tena.

Mwaka 1959 Waingereza Russell na Burch walieleza kanuni tatu: kutafuta njia nyingine badala ya mnyama, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Mwaka 1960 Wide na Gemzell wa Uswidi walitoa kipimo kinachofanyika ndani ya chupa ndogo. Bado kilihitaji damu ya sungura aliyechanjwa, lakini hakuna mnyama aliyepasuliwa kwa kila mama.

Tunajifunza nini? Huruma kwa wanyama haikumnyima mama tiba. Jibu limekuja upesi zaidi, tena kwa bei nafuu. Hata hivyo, dawa na chanjo nyingi mpya bado hujaribiwa kwanza kwa wanyama. Tusiwanyime watoto chanjo kwa sababu hiyo, wala tusiwacheke wanaodai njia bora zaidi.

Nanyi akina mama, mkikosa siku zenu msikae nyumbani mkikisia. Njooni kliniki mapema.