Mpini wa babushi

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao mungali kwenye viti vya inivasite, leo naandika juu ya mpini. Mpini wa mti wa kuvulia samaki. Najua kuna watakaocheka: mtu amesoma fiziki miaka yote ile, halafu anakuja kutueleza namna ya kushika mti? Chekeni tu. Mpini mbaya uliniharibia mtihani wa kazi, na nimeona afadhali niwaeleze ilivyokuwa, maana hapa Kalemie siko peke yangu mwenye diplome kabatini na ndoano mkononi.

Tangu nimalize lisansi, asubuhi nyingi nakwenda pale Lukuga inapotoka ziwani. Kwa wale wa mbali: ziwa letu Tanganyika, pamoja na urefu wake wa kilometa 673 na kina kinachofika karibu mita 1,470, lina mto mmoja tu wa kutoa maji yake, nao ni huu Lukuga, hapa hapa mjini. Wavuvi wa kweli wanaingia ziwani usiku na taa kutafuta ndakala, au wanashusha mshipi kwa mkono mtupu kumtafuta mikebuka. Sisi wa mti ni watu wa ukingoni: watoto, wazee, na siku hizi wenye lisansi. Lakini kwangu si mchezo. Nikipata samaki mmoja, nyumbani kunapikwa. Nikipata wawili, mmoja anauzwa na unga unanunuliwa.

Mwanzi wangu una urefu wa karibu mita nne, na upande wa kushikia ulikuwa mwembamba, kama milimita 18 hivi. Niliuona unateleza, nikauzungushia skochi nyeusi ya mafundi wa umeme. Kwa macho ulipendeza. Ukilowa maji na ute wa samaki, ulikuwa kama kipande cha sabuni. Basi nikaitoa skochi, nikafunga mpira wa ndani wa kinga (baiskeli, kwa wasiotoka huku), nikaukaza sawasawa. Huo haukuteleza hata kidogo. Nikasema kazi imekwisha.

Jumamosi moja kuhe akashika ndoano. Asiyemjua kuhe ajue kwamba katika jamaa yake yote, ile ile ya tilapia, yeye ni mmoja wa wakubwa kabisa duniani. Anaweza kupita sentimita 60. Yule wangu hakuwa mkubwa hivyo, ila alinivuta huku na huku, na mimi mti nimeubana kwa nguvu zote kwa hofu ya kumpoteza. Nilipomtoa nchi kavu, kiganja cha kuume kilikuwa na malengelenge manne, mawili tayari yamepasuka, na moja kati ya hayo lilikuwa pale katikati ya kidole gumba na cha shahada. Pale pale unapokaa biki.

Jumatatu nilikuwa na mtihani wa kuajiriwa, wa kuandika kwa mkono, masaa matatu. Saa ya kwanza nilivumilia. Saa ya pili karatasi ilianza kupata alama za maji ya kidonda. Swali la mwisho niliandika mistari mitano tu, mibaya, na jibu nilikuwa nalijua lote. Walioitwa ni wengine. Sisemi wameninyang’anya, labda walikuwa wazuri kunishinda. Ila lile swali nilikuwa nalijua.

Muyomba wangu, aliyevua miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia, alitazama kiganja, kisha akatazama mti.

“We mutoto, mukono yako haina kosa. Kosa iko ku muti. Iko mudogo sana, njo maana unaifinya sawa vile unataka kuiua. Kamata sawa vile unakamata mukono ya mutoto ku barabara.”

Nilikaa nikawaza maneno yake, na fiziki yote ikarudi. Mtu akitafuta mpini mzuri, kitu cha kwanza anachouliza ni ulaini. Hilo ni kosa. Kinachochosha na kuumiza mkono ni nguvu unayobana nayo, na unabana sana kwa sababu mbili: mpini unateleza, au ni mwembamba. Ukiteleza, msuguano ni mdogo, basi mkono unaongeza nguvu ili kufidia. Ukiwa mwembamba, samaki akivuta upande, mti unataka kuzunguka kiganjani, na kwa kuwa nusu kipenyo ni ndogo, huna pa kuuzuia. Tena vidole vinapita mpaka ncha zake zinachoma kiganja, na misuli iliyojikunja hivyo inakuwa dhaifu. Kwa mikono ya watu wengi mpini wa kushika kwa nguvu unafaa uwe kati ya milimita 30 na 40. Huna haja ya kipimo: kamata, na kidole gumba kifike juu ya ncha ya kidole cha shahada, kikilalia kidogo. Kikiipita mbali, ni mwembamba. Visipogusana, ni mnene.

Sasa, na ule mpira wa kinga ambao haukuteleza? Hapo njo nilijifunza kitu ambacho sikukitegemea. Lengelenge halitoki kwa kusuguliwa juu juu tu. Linatoka pale ngozi ya juu inapogandamana na kitu huku mfupa ndani unakwenda na kurudi. Matabaka ya ngozi yanavutana mpaka yanaachana, na mwili unajaza maji pale katikati. Mpira unashika ngozi kupita kiasi. Tena hautoi jasho, na ngozi iliyolowa inalegea upesi. Juani unachoma, na jioni viganja vyeusi kama vya fundi wa magari. Mpira una faida yake kwa jembe la dakika kumi, au kwa kipande kidogo chini kabisa ya mti. Kwa asubuhi nzima, hapana.

Kitambaa nisipoteze muda: kinakunywa maji, hakikauki, baada ya wiki mbili kinanuka, na ngozi ndani yake inabaki mbichi. Kamba nyembamba ya nailoni iliyozungushwa kwa kubanana ni afadhali, maji yanapita kati ya mizunguko, ila inakwaruza.

Mbao inastahili heshima zaidi. Mpini wa jembe la bibi yako hauna varnishi, na haukumtoa malengelenge, sababu miaka imeulainisha bila kuung’arisha. Kosa la vijana ni kupaka varnishi inayometameta. Ikilowa inateleza sawa na skochi yangu. Piga msasa, basi. Na kama unataka mafuta, usipake mawese: hayakauki, yanabaki yananata na kuvuta vumbi, mpini unakuwa kama sufuria isiyooshwa. Mafuta ya kitani ndiyo yanayokauka juu ya mti. Pia msikate mukula kwa kazi hii. Ni mti mzito, na sote katika Katanga ya zamani tunajua jinsi ulivyokatwa na kupakiwa malori kwenda nje.

Wazungu wanasifu koki, lile gome la vizibo vya chupa za divai. Wana haki. Linatoka kwenye aina ya mwaloni, Ureno ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi zote, na mti unangojwa karibu miaka 25 kabla ya kuchunwa mara ya kwanza, kisha kila baada ya miaka tisa hivi. Ndani lina vijumba vidogo vilivyofungwa vyenye hewa, kwa hiyo ni jepesi, halinywi maji, halipoi mkononi asubuhi ya baridi, na likilowa bado linashika. Nilianza hata kukusanya vizibo. Hesabu ikakataa: kizibo cha kawaida kina kipenyo cha milimita 24, na mwanzi wangu 18. Nikitoboa, kinabaki kiukuta cha milimita tatu. Kingevunjika siku ya kwanza.

Njo nikafika kwenye babushi. Miti mingi ya dukani siku hizi ina mpini wa povu gumu linaloitwa EVA, na EVA hiyo hiyo imejaa miguuni mwetu: kandambili nyingi nyepesi zimetengenezwa nayo. Nayo pia ina vijumba vilivyofungwa vyenye hewa, ndiyo maana wavuvi wanakata kandambili za zamani kuwa maboya ya nyavu. Si babushi zote. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikibonyea kidogo na kurudi, ni nyepesi kama mkate mkavu, na majini inaelea juu juu, chukua. Ikiwa nzito na ngumu kama tairi, iache.

Nilitumia jozi mbili zilizokatika. Nilikata vipande vya mviringo, nikavitoboa katikati kwa bomba la chuma lililopashwa moto (fanyeni nje, moshi wake ni mbaya), tundu likiwa dogo kidogo kuliko mwanzi ili vibane. Nikavisukuma kimoja kimoja na gundi ya washona viatu mpaka urefu wa sentimita 30, nikaacha siku nzima, kisha msasa, mpaka kipenyo kikafika milimita 33. Urefu huo si wa urembo: mkono wa pili unapata pa kukaa, na kitako cha mti kinalala chini ya kigasha, kifundo cha mkono kinapumzika.

Kulibaki jambo moja. Mpini mwepesi kwenye mwanzi mrefu unafanya ncha iwe nzito, na mkono unabeba tofauti hiyo asubuhi yote. Nilitoboa fundo la chini la mwanzi, nikaingiza kipande cha nondo ya milimita 8, urefu wa shubiri, nikaziba. Mti ukatulia.

Ubaya wake? EVA inameza mtetemo. Samaki mdogo anayegusa chambo tu, zamani nilimsikia kwenye mfupa wa mwanzi. Sasa namkosa, mpaka niegemeze kidole cha shahada kwenye mwanzi wenyewe juu ya mpini. Tena baada ya miezi minne pale gumba linapokaa pamebonyea, na jua limeanza kuufanya mgumu upande mmoja. Vipande viwili nitavibadilisha; babushi zilizokatika hazikosekani Kalemie.

Malengelenge hayajarudi. Juzi nilimtoa kuhe mwingine, mdogo wake yule wa kwanza, na jioni nikaandika barua nne za kuomba kazi kwa mkono. Mtihani mwingine uko mwezi ujao. Siku mbili kabla yake mti utakaa nyuma ya mlango, na mpini wake wote.