Sato wa elfu arobaini

Sato mmoja wa robo tatu kilo ana bei tatu hapa Mwanza. Alfajiri pale Mwaloni Kirumba, macho bado yanang'aa na matamvua mekundu, kwa bei za msimu huu utampata kwa elfu saba au nane. Saa saba mchana kwa mama lishe, amekaangwa akakauka vizuri, ugali wa moto, mlenda na pilipili pembeni, ni elfu kumi. Jioni kwenye hoteli ya ufukweni kule Capri Point, kitambaa cheupe mezani na Kisiwa cha Saanane mbele yako, ni elfu arobaini. Ziwa ni lile lile na samaki ni yule yule. Ndiyo maana wengi wakisikia bei ya mwisho husema huo ni wizi, au ni ujinga wa anayelipa.

Mimi nauza samaki wa jumla Mwaloni. Mama yangu alipika chakula cha kuuza kwenye soko hilo hilo, akiwalisha makuli, wavuvi na madereva wa Fuso, na mimi nikimwoshea sahani. Hesabu ya sahani ya chakula niliijua kabla ya hesabu za shule. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kama kuna haja ya mtu wa kipato cha kawaida kutoa pesa nyingi kwa mlo mmoja, nawajibu kwamba haja ipo, kwa masharti. Jibu langu linaanzia kwenye hesabu hiyo.

Elfu arobaini inakwenda wapi

Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kama imo ndani ya bei, shilingi 6,100 hivi ni za serikali, zinabaki 33,900. Wenye migahawa karibu dunia nzima hujitahidi malighafi isizidi theluthi moja ya mauzo, kwa hiyo kama 11,300 ndiyo sato mwenyewe pamoja na mafuta, limao, mboga na viazi vyake. Zinazobaki, elfu ishirini na mbili na ushee, zinamlipa mpishi, msaidizi wake, mhudumu, anayefua vitambaa na mlinzi wa getini. Zinalipa gesi, friji isiyozimwa usiku wala mchana, dizeli ya jenereta umeme ukikatika, na kiwanja kinachotazama ziwa. Zinalipa pia meza zilizokaa tupu Jumatatu na Jumanne. Baada ya hayo yote ndipo mwenye hoteli naye atafute faida yake.

Sasa mtazame mama lishe. Katika elfu kumi yake, samaki peke yake amekula elfu saba au zaidi. Toa mkaa, unga, mafuta, ushuru wa soko na maji ya kununua kwa ndoo. Kinachobaki hakifai kuitwa mshahara. Anaamka saa kumi alfajiri, anapara samaki, anasonga ugali wa watu hamsini, anaosha vyombo mpaka jua linazama, na katika hesabu yake hakuna mstari alioandika ujira wake mwenyewe. Sahani yake ni nafuu kwa sababu kazi yake haijalipiwa. Ya hotelini ni ghali kwa sababu kila mkono ulioigusa unadai chake mwisho wa mwezi.

Ukilielewa hilo utaacha kulinganisha samaki na samaki. Anayelipa elfu arobaini ananunua kazi ya watu wengi waliojipanga ili yeye akae, aletewe, aondolewe vyombo, asinyanyuke. Kinachobaki ni kujiuliza nani hasa anahitaji kununuliwa kitu hicho.

Jioni ya mama

Mama alistaafu kupika akarudi kwao Sengerema. Zamani kumfikia kulitegemea foleni ya kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, tunavuka maji yale kwa dakika chache, na Jumamosi moja nikamleta mjini nikampeleka hoteli moja pale Capri Point. Tuliagiza sato mzima wa kubanika na minofu ya sangara kwa mchuzi wa nazi.

Yule sato nilimchunguza kama ninavyomchunguza ninayemnunua. Alikuwa amechanjwa mistari mitatu kila ubavu, imefika mfupani bila kumpasua. Ndani ya mistari mlikuwa na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na limao lilikuwa limeingia mpaka chini. Alibanikwa juu ya makaa yaliyoachwa mpaka yakavaa majivu, ndiyo maana ngozi ilikauka bila kuungua na nyama ikawa inaachia mfupa kwa kuguswa tu. Mtu anayekaanga samaki mia kwa siku, mafuta yakichemka na wateja wakimpigia kelele, hana nafasi ya kusubiri makaa yavae majivu. Si kwamba hajui. Mama anajua, na siku za Krismasi nyumbani alifanya hivyo hivyo.

Alionja, akatafuna taratibu, akasema, "Huyu kapikwa na mtu aliyetulia." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Kisha akaitazama minofu ya sangara, akamwuliza mhudumu, "Kichwa cha huyu kiko wapi, mwanangu?" Kijana yule hakucheka. Aliingia jikoni akarudi na bakuli la supu ya kichwa cha sangara, iliyokuwa imepikwa kwa ajili ya wafanyakazi. Nyuma yake akaja mpishi mwenyewe, akainama, "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Chumvi umeiweza." Wakaongea kuhusu ndimu na pilipili, mpishi kwa mpishi.

Lakini kilichonifanya niikumbuke jioni ile ni jambo jingine. Kila sahani ilipoisha, mama alinyanyuka kukusanya vyombo. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mhudumu akamwambia, "Kaa tu mama, hii ni kazi yetu." Akakaa, na akakaa mpaka chai ikaja. Mimi ni mtu mzima na wanangu, na sikuwahi kumwona mama yangu amekaa mezani tangu mlo unaanza mpaka unakwisha. Nyumbani alikula wa mwisho, amesimama karibu na jiko, akikomba sufuria. Bili ya watu wawili, na juisi zetu, ilikuwa laki moja na ushee. Niliilipa kwa moyo mweupe.

Ulaya wana kipimo chao cha mambo haya. Kampuni ya matairi ya Michelin ya Ufaransa ilianza mwaka 1900 kutoa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari. Mwaka 1926 ikaanza kuipa nyota migahawa iliyo bora, na mwaka 1931 ikaongeza daraja la nyota mbili na tatu. Nyota mbili maana yake mgahawa unastahili ukunje kona kuupitia. Tatu maana yake unastahili safari ya kuufuata wenyewe. Wanachopima ni kilichomo kwenye sahani, si urembo wa ukumbi. Mwongozo huo haujafika kwetu, lakini kipimo chake tunaweza kukiazima. Kabla hujatoa pesa, jiulize kama mlo huo unastahili safari. Mama alitoka Sengerema, na mpaka leo anawasimulia majirani zake lile bakuli la supu.

Mbona harusini tunatoa

Najua jibu ambalo wengi watanipa: chakula hata kiwe cha laki, mwisho wake ni chooni. Wanaosema hivyo ndio wanaokaa na mimi kwenye kamati za harusi. Kadi ya mtu mmoja elfu hamsini, ya wawili laki moja, na mwenye nafasi anaongeza. Tunafika ukumbini jioni, tunasikiliza utambulisho wa pande zote mbili, na bufee inafunguliwa saa nne usiku pilau limeshapoa. Hakuna anayelalamika kwamba laki yake imeishia chooni, kwa sababu kila mmoja anajua amelipia undugu. Leo unachangia, kesho utachangiwa.

Basi tumeshakubali kwamba pesa ya chakula inaweza kununua kitu kikubwa kuliko chakula. Tunakubali ikiwa ni kwa ajili ya watu mia tatu ukumbini. Ikiwa ni kwa ajili ya mtu mmoja aliyetulea tunaiita anasa. Mimi sioni haki hapo.

Masharti yangu

La kwanza, pesa iwe imeshatengwa. Yangu ilitokana na mchezo, yaani upatu, tunaocheza wanawake wa sokoni. Zamu yangu ilipofika nilitoa kwanza ada, nikatoa mtaji, na iliyobaki ndiyo iliyokwenda mezani. Asile mtu kwa mkopo wa simu wenye riba, wala asile mtaji. Mtaji ukiula leo, kesho utakwenda Mwaloni kutazama wenzako wakinunua.

La pili, kula cha ziwani. Kamba na pweza wanaoandikwa kwenye menyu za Mwanza wametoka pwani, zaidi ya kilomita 1,000, wakiwa kwenye barafu. Unalipia safari yao. Sato na sangara wamelala jana majini. Uliza bila aibu kama samaki ni wa leo au wa friji, wa ziwani au wa kizimba. Wa kizimba si mbaya, ila unatakiwa kujua unacholipia. Na ukiletewa sato mdogo kuliko kiganja, mrudishe, kwa sababu sheria ya uvuvi inakataza kuvua sato wa chini ya sentimeta 25, na mteja anayekubali kitoto cha samaki anasaidia kuua ziwa.

La tatu, soma menyu mpaka mwisho. Uliza kama bei ina kodi ndani na kama kuna tozo ya huduma, halafu dai risiti. Ukiwa na bajeti ndogo, nenda mchana badala ya jioni, au agizeni samaki mmoja mkubwa mle kwenye sinia moja. Hotelini pia inaruhusiwa, na mkono unaruhusiwa.

La nne, kimbia mahali panapouza mandhari peke yake. Kama chakula kimekaa kwenye bufee tangu adhuhuri, mhudumu hajui samaki ametoka wapi, na wanaopiga picha ni wengi kuliko wanaokula, bei ile haina mtu aliyetulia jikoni. Ukitaka mandhari tu, kaa ufukweni utazame jiwe la Bismarck bure.

Meza yetu wenyewe

Kuna jambo moja la historia linalonifanya nisione haya kusema haya. Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa katika kila wavu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, minofu ikapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani mifupa na vichwa, yakabaki kwetu. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki hayo duniani, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani. Watu bado wanabishana kuhusu filamu ile. Mimi nilichokiona kwa macho yangu sokoni ni kwamba kipande bora cha samaki wetu kilikuwa na mwenyewe mbali, kikiliwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe na watu ambao hawakuulizwa kama wanastahili.

Ninapomwona mwanamke wa Sengerema amekaa Capri Point, mbele yake minofu na kichwa vyote viwili, naona samaki amefika kwa mwenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa kujionyesha, mlo wa bei kubwa hauna thamani hata ukipunguziwa nusu. Kwa kumkalisha mtu ambaye maisha yake yote ameinama jikoni, una thamani ya kila shilingi. Kama aliyekupikia bado yuko hai, anza kuweka akiba wiki hii, umpeleke akiwa bado ana nguvu ya kutembea na hamu ya kula. Siku nyingine zote, nenda kwa mama lishe, ule ushibe, na chenji ikibaki usiidai.