Silaha za uwindaji katika Milima ya Usambara

Silaha za uwindaji katika Milima ya Usambara ni vifaa vilivyotumiwa kuwinda wanyama na kulinda mashamba katika milima hiyo ya mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kwa muda wa karne tatu hivi zilibadilika kutoka mkuki, upinde na mtego hadi gobore, kisha zikaja bunduki za kupakia risasi nyingi kwa mara moja, kama vile bunduki ya wenzo. Historia yake inaonyesha kwamba silaha haikuchaguliwa kwa ubora wake tu. Umbali wa kuona msituni, upatikanaji wa baruti na amri za watawala vilikuwa na uzito zaidi.

Mazingira

Milima ya Usambara imegawanyika sehemu mbili, Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, zinazotenganishwa na bonde la mto Lwengera. Mji wa Lushoto uko Usambara Magharibi, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Vilele vya juu vinapita mita 2,200. Misitu iliyobaki, kama ile ya Magamba, Shagayu na Mazumbai, ni minene na mara nyingi hufunikwa na ukungu.

Ndani ya misitu hiyo mwindaji humwona mnyama akiwa karibu sana, na kwa muda mfupi tu kabla hajapotea vichakani. Upande wa kaskazini magharibi, chini ya milima, iko nyika kavu ya Mkomazi, ambako mnyama huonekana kutoka mamia ya mita. Silaha inayofaa mahali pamoja si lazima ifae pengine, ingawa sehemu hizo mbili hazijaachana mbali.

Wanyama wanaowasumbua zaidi wakulima wa milimani ni nguruwe mwitu, nyani na kima. Nguruwe mwitu hutoka msituni usiku na kuchimbua viazi, mihogo na mahindi. Kwa hiyo uwindaji wa Washambaa, pamoja na kuwapatia nyama, umekuwa pia njia ya kulinda chakula kilichoko shambani.

Kabla ya bunduki

Masimulizi ya Washambaa yanaanzisha ufalme wao kwa mwindaji. Mbegha, aliyetoka Ungulu, alifika Usambara akiwa na mbwa na mikuki yake, akawa anawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Wenyeji wakampa vyakula vya shambani, na hatimaye wakamfanya mtawala wao huko Vugha. Wazao wake ndio Wakilindi, walioitawala Usambara hadi wakati wa ukoloni. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake Habari za Wakilindi.

Uwindaji wa aina hiyo ulihitaji watu wengi na mbwa. Mbwa walimzuia mnyama, na watu wakamkaribia kwa mikuki. Mitego na mashimo yaliyochimbwa kando ya mashamba yalifanya kazi hata wakati wenye mashamba wamelala.

Gobore

Gobore ni bunduki inayopakiwa kwa mbele, yaani kupitia mdomo wa mtutu. Mwindaji humimina baruti, huitia kizibo cha kitambaa au nyuzi, hutia goroli au marisau, kisha hushindilia vyote kwa ufito unaoitwa mdeki. Magobore ya kale yaliwashwa kwa cheche za jiwe la gumegume. Yaliyofuata yalitumia fataki. Kila baada ya kufyatua, kazi yote huanza upya. Baruti ikipata unyevu haiwaki, na hilo ni tatizo kubwa katika nchi ya ukungu.

Hata hivyo gobore lilikuwa na faida moja: lilikubali karibu kila kitu. Kipande cha chuma kiliweza kushika nafasi ya risasi, na mhunzi wa kijijini aliweza kulitengeneza lilipoharibika.

Katika karne ya 19 magobore yalifika kwa wingi kupitia misafara ya biashara iliyopita bonde la mto Pangani. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikaa Vugha juu milimani, mbali na njia hiyo. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, tambarare chini ya milima, mahali ambapo misafara ilipita. Alibadilisha pembe za ndovu na watumwa kwa bunduki na baruti, na baada ya kifo cha baba yake alipata nguvu ya kumfukuza mrithi, Shekulwavu, kutoka Vugha. Silaha ya mwindaji ilikuwa imekuwa silaha ya kugombea ufalme, na aliyeshinda ni yule aliyekuwa karibu na njia ya baruti.

Bunduki ya wenzo

Bunduki ya wenzo hupakiwa upya kwa kusukuma chini na kurudisha juu mkono wa chuma ulioko chini ya kishikio, unaozunguka pia sehemu ya kufyatulia. Tendo hilo moja hutoa ganda lililotumika, hukaza mtambo na kuingiza risasi mpya. Mtutu wake una mifereji inayojizungusha ndani, ambayo huifanya risasi izunguke na kwenda bila kuyumba.

Bunduki ya kwanza ya aina hii iliyopata sifa kubwa ilitengenezwa Marekani na Benjamin Tyler Henry mwaka 1860. Kampuni ya Winchester iliendeleza muundo huo katika matoleo ya miaka 1866, 1873, 1886, 1894 na 1895. Henry Morton Stanley alikuwa na bunduki za Henry na Winchester aliposafiri kutoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Mombasa kuwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Winchester ya 1895 yenye risasi za .405, ambayo aliipenda hasa kwa kuwinda simba.

Sifa zinazoangaliwa katika kuchagua bunduki ya namna hii ni hizi:

Umbali. Risasi ya .30-30, iliyokuja na toleo la 1894, hufaa kwa umbali wa hadi mita 150 hivi. Hiyo inatosha msituni, lakini ni pungufu katika nyika iliyo wazi.

Hifadhi ya risasi. Bunduki nyingi za wenzo huweka risasi katika bomba chini ya mtutu, zikiwa zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Risasi yenye ncha kali ni hatari humo, kwa sababu inaweza kugonga fataki ya risasi iliyo mbele yake na kuilipua. Ndiyo maana risasi za bunduki hizo huwa na ncha butu, nazo hupoteza kasi upesi hewani. Toleo la 1895 lilitumia sanduku badala ya bomba, hivyo likaweza kutumia risasi zenye ncha.

Upande wa kutolea maganda. Bunduki inayotoa ganda kwa juu haifai kufungwa darubini katikati. Inayotoa kwa pembeni, kama Marlin 336 ya mwaka 1948, haina tatizo hilo.

Uzito na urefu. Bunduki fupi na nyembamba hupita vichakani kwa urahisi, na hufaa kwa mtu anayepanda miteremko mikali.

Nguvu. Katika Afrika Mashariki kipenyo cha .375, yaani milimita 9.5 hivi, kimekubaliwa kwa muda mrefu kuwa cha chini kabisa kwa wanyama hatari kama nyati na ndovu. Risasi ya .30-30 iko mbali na kiwango hicho, ingawa yatosha kwa nguruwe.

Ikilinganishwa na bunduki ya komeo, kama Mauser iliyotumiwa na Wajerumani, bunduki ya wenzo ni ya haraka zaidi katika kurudia kufyatua. Lakini wenzo huhitaji nafasi chini ya bunduki, kwa hiyo ni vigumu kuutumia ukiwa umelala kifudifudi.

Kwa nini gobore lilibaki

Kwa sifa hizo, bunduki ya wenzo ingefaa sana msitu wa Usambara na nguruwe wake. Hata hivyo wakulima hawakuachiwa nafasi ya kuichagua. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, iliyodai leseni na kutenga maeneo ya hifadhi. Waingereza, walioiteka Usambara mwaka 1916, walitunga sheria yao ya wanyamapori mwaka 1921.

Matokeo yake ni kwamba bunduki bora zilikuwa mikononi mwa maafisa na walowezi, nalo gobore likabaki kwa mkulima. Mzigo wa nguruwe, hata hivyo, ulikuwa wa mkulima zaidi.

Sheria ya leo

Nchini Tanzania umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kila silaha, pamoja na gobore, huhitaji leseni, na kutengeneza bunduki bila kibali ni kosa. Uwindaji wenyewe unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inayokataza mbinu kama sumu, mitego ya nyaya na bunduki zinazojipakia zenyewe. Bunduki ya wenzo haimo katika kundi hilo la mwisho, kwa kuwa kila risasi huingizwa kwa mkono wa mwindaji.

Leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda popote. Msitu wa Magamba karibu na Lushoto na ule wa Amani upande wa mashariki ni hifadhi za mazingira asilia, na Mkomazi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008. Uwindaji umepigwa marufuku humo. Misitu ya Usambara ina viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine duniani. Mkulima anayepakana nayo na kuvamiwa na nguruwe hutakiwa kutoa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Wengi huendelea na njia za zamani zaidi kuliko bunduki: kulinda shamba usiku, kuwasha moto, kupiga madebe na kufuga mbwa.