Unguja na Pemba kwa Ndege: Umbali, Muda na Upepo

Watu wengi huamini kwamba upepo unaoisukuma ndege wakati wa kwenda na kuipinga wakati wa kurudi haubadili jumla ya muda wa safari. Kwamba kinachopotea huku hulipwa kule. Imani hiyo si sahihi, na rubani anayepanga mafuta yake kwa kuitegemea hujihatarisha yeye na abiria wake. Hebu tuichunguze kwa mfano wa safari ya Unguja na Pemba.

Kwanza tupime umbali. Kiwanja cha ndege cha Unguja kiko karibu na latitudo 6°13′ kusini na longitudo 39°14′ mashariki. Kile cha Pemba, kilicho karibu na mji wa Chake Chake, kiko 5°15′ kusini na 39°49′ mashariki. Tofauti ni dakika 58 za latitudo na dakika 35 za longitudo. Dakika hizi ni sehemu za digrii, wala si za saa. Dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Na karibu na Ikweta dakika ya longitudo hukaribia urefu huo huo. Kwa kuwa masafa ni mafupi, twaweza kutumia kanuni ya Pythagoras: 58 mara 58 ni 3,364, 35 mara 35 ni 1,225, jumla ni 4,589, ambayo kipeuo chake cha pili ni karibu 68. Maili 68 za baharini ni kilomita 125 hivi.

Sasa tuchukue ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa. Hewa ikiwa tulivu, itatumia dakika 25 kwenda na 25 kurudi, jumla 50, bila kuhesabu muda wa kupaa na kutua. Tuseme kusi inavuma kilomita 50 kwa saa, sambamba na njia. Ndege ikienda Pemba itapata mwendo wa kilomita 350 kwa saa na kufika baada ya dakika 21 na nusu hivi. Ikirudi, mwendo utakuwa kilomita 250, na safari itachukua dakika 30. Jumla ni zaidi ya dakika 51.

Sababu ni nyepesi: ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya ule unaoisaidia. Majira ya kaskazi mambo hugeuka, lakini hasara hubaki ile ile.

Kwa hiyo injini hula mafuta kwa kadiri ya muda wa kuwa angani, wala si kwa kilomita zilizo kwenye ramani. Ndiyo maana rubani huuliza habari za upepo kabla ya kuondoka, na huchukua akiba ya mafuta hata kwa safari fupi kama hii.