Paka Hasemi, Kinyesi Chake Husema

Katika miji yetu ya pwani, tokea Lamu hadi Vanga, ni nadra kupita kichochoroni usikutane na paka. Hulala barazani, hungoja vichwa vya samaki mlangoni mwa jikoni, na huingia vyumbani bila ya kubisha hodi. Wanazuoni wametufundisha kwamba paka si najisi, na kwamba maji aliyoyanywa yafaa kutawadhia, kwa kuwa ni mnyama anayezunguka pamoja nasi majumbani. Kinyesi chake, hata hivyo, ni najisi. Na kwa sababu hiyo wengi wetu hukiondoa upesi huku tumegeuza uso kando. Kukiondoa upesi ni jambo jema. Kugeuza uso ndiko kunakotukosesha habari.

Paka ni mnyama msiri. Huficha maumivu yake kama anavyofukia kinyesi chake mchangani. Siku utakayomwona amejikunyata chini ya kitanda, hata dagaa hawataki, aghalabu maradhi yamekwisha kwenda mbali. Mara nyingi kinyesi hutangulia kutoa habari. Kwa hivyo anayesafisha karai la mchanga, ambaye katika nyumba nyingi ni mama au binti, ndiye wa kwanza awezaye kujua kuwa paka ni mgonjwa. Hatakiwi kuchimbua wala kugusa. Atupe jicho tu kabla ya kufunga mfuko.

Kwanza ajue hali ya kawaida. Paka mwenye afya hupata choo takriban mara moja kwa siku. Kinyesi chake huwa cha rangi ya kahawia, kimeshikamana, si kigumu kama kokoto wala si cha kumwagika. Harufu haikosekani, lakini harufu kali isiyokuwa ya kawaida yake ni dalili pia. Kila paka ana desturi yake, na jambo la kuangaliwa ni mabadiliko.

Kinyesi kikilainika kwa siku moja, na paka akawa anakula na kucheza, huenda sababu ni chakula. Wengi wetu humpa paka maziwa ya ng'ombe tukidhani tunamkirimu. Ilhali paka wengi wakubwa hawawezi kuyasaga vyema, na huharisha kwa ajili yake. Mwondolee maziwa, mwekee maji safi, na umpe samaki au kuku aliyechemshwa bila ya chumvi, viungo wala mifupa. Kuhara kukipita siku moja au mbili, au kukiandamana na kutapika na ulegevu, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kwa mtoto wa paka, usingoje hata siku hiyo moja. Mwili wake ni mdogo, na maji yakimtoka hudhoofika upesi mno. Mtoto wa paka anayehara maji au damu, anayetapika na kukataa chakula, huenda amepatwa na ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo na kuangamiza watoto wengi wa paka kwa siku chache. Ugonjwa huo una chanjo, na kuchanja ni nafuu kuliko kutibu.

Rangi nazo zina maana. Kinyesi cheusi kinachonata mfano wa lami huashiria damu iliyovuja juu, tumboni au katika utumbo mwembamba, ikasagwa pamoja na chakula. Damu nyekundu mbichi hutoka chini, karibu na njia ya kutokea. Na ute kama kamasi huonyesha kuwa utumbo mpana umewaka. Kinyesi cheupe au cha kijivu mfano wa udongo huashiria kasoro ya ini au nyongo. Kilicho kingi, chenye mafuta na kunuka sana, huonyesha kuwa chakula hakisagwi ipasavyo. Kinyesi cheusi, cheupe au chenye damu nyingi ni cha daktari siku hiyo hiyo.

Ukiona vipande vidogo mfano wa punje za mchele, pengine vikichezacheza, au vilivyokauka kama ufuta kwenye manyoya ya mkia, hizo ni sehemu za tegu. Tegu wa aina hii huletwa na viroboto: paka hujilamba, akameza kiroboto, na mdudu akapata makazi. Ukimpa dawa ya minyoo ukawaacha viroboto mkekani, umefanya nusu ya kazi. Minyoo mirefu mfano wa tambi ni aina nyingine, na watoto wa paka huipata hata katika maziwa ya mama yao. Dawa zake hupimwa kwa uzito wa mnyama, kwa hivyo muulize daktari kiasi chake.

Kuna na kinyesi kisichotoka. Siku mbili zikipita bila choo, au akatoa vijiwe vikavu kwa tabu, paka ana haja ya msaada. Na tahadhari moja ni kubwa: paka dume akiingia karaini mara kwa mara, akajikamua na kulia pasipo kutoka kitu, usikate shauri kwamba amefunga choo. Huenda mkojo ndio uliozibika, na hilo laweza kumwua katika siku moja au mbili. Akimbizwe kwa daktari saa hiyo. Vilevile, katika nyumba zetu zinazoshona kofia na nguo, paka humeza nyuzi. Ukiona uzi umening'inia katika tupu yake ya nyuma, usiuvute; unaweza kumkata utumbo kwa ndani. Mpeleke ulivyo.

Wala tusimtibu kwa dawa zetu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumwua paka. Dawa za kuogeshea ng'ombe au mbwa nazo zisitumiwe kwake, kwani baadhi yake ni sumu kwa paka.

Hatimaye, tuikumbuke nyumba yenyewe. Kinyesi cha paka chaweza kubeba kijidudu cha toksoplasma, ambacho jicho halikioni hata kinyesi kikiwa kizuri. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, kinaweza kudhuru mimba yake. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi baada ya kutoka ndipo kiweze kuambukiza. Kwa hivyo karai lisafishwe kila siku, na mtu mwingine asiyekuwa mjamzito. Akikosekana, mama avae glavu kisha aoshe mikono kwa sabuni. Nyama ipikwe ikaive, mboga zioshwe. Na rundo la mchanga wa ujenzi lililo mlangoni lifunikwe, kwani paka huligeuza choo, na watoto hulichezea kisha wakatia vidole vinywani.

Ukienda kwa daktari, chukua kiasi kidogo cha kinyesi cha siku hiyo katika kikopo chenye kifuniko. Mweleze kilianza kubadilika lini, paka amekula nini, na kama ametapika. Maelezo hayo humfupishia kazi, nawe humpunguzia mnyama mateso.

Sote tumewasimulia watoto wetu habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia asimlishe. Tukimweka paka ndani, chakula chake ni juu yetu, na ugonjwa wake pia. Kesho asubuhi, kabla ya kufunga mfuko, tazama.

Wabillahi tawfiq.