Mabati Hayapitishi Mawimbi

Huku kwetu Mitunguu, kijana akishatahiriwa hujengewa chumba chake kando ya nyumba ya wazazi, na vyumba hivyo siku hizi vingi ni vya mabati. Mzazi hulipia intaneti kila mwezi, kisanduku cha waifai kikawekwa sebuleni, ilhali mwanafunzi wa chuo hulazimika kuketi nje usiku, ameegemea ukuta wa mamake, akipigana na mbu ili awasilishe kazi yake.

Wauzaji humshauri mzazi anunue kifaa cha kuongezea nguvu. Mimi nasema la. Mawimbi yakigonga bati hurudi yalikotoka. Hata migomba, kwa maji yaliyojaa ndani yake, huyadhoofisha njiani. Kifaa hicho kikiwekwa chumbani hakina cha kuongeza.

Dawa ni waya. Waya wa mtandao wa shaba huhimili mita 100, nasi wengi hatuna ua mpana kiasi hicho. Upitishwe katika bomba la plastiki, uzikwe kina kisichofikiwa na jembe, kisha kisanduku cha pili kifungwe chumbani. Hatari ni radi, kwani shaba huweza kuubeba umeme wake toka nyumba hadi nyumba. Mwenye uwezo, heri atumie nyuzi za kioo.

Wapo wazee wasemao kwamba kijana akipata intaneti chumbani hatalala. Je, sasa hivi analala?

Mtaro, bila shaka, atauchimba mwenyewe. Sisi wakulima wa kunyunyizia tumewafunza watoto kufukia mabomba tangu wangali wadogo.