Sura ya Sita: Mizani ya Mtihani

Katika Kiswahili neno mtihani lina maana mbili ambazo wasemaji wake hawazitengi: ni karatasi ya maswali anayopewa mwanafunzi akae nayo kwa saa mbili tatu, na ni dhiki ambayo Mola humjaribu nayo mja wake, hata mtu aliyefiwa au aliyefilisika huambiwa na jirani zake asubiri, kwani huo ni mtihani. Muradi wa sura hii ni ule wa kwanza, hususan ule uliosimama mlangoni mwa chuo kikuu chenye nafasi chache na waombaji wengi; lakini msomaji ataona kwamba ile maana ya pili haiko mbali, kwa kuwa asiyejua jinsi mizani hii inavyopima aghalabu huyachukua matokeo yake kuwa ni hukumu juu ya akili yake nzima, hukumu ambayo mizani yenyewe haina uwezo wa kuitoa.

Kabla ya mitihani ya kuandika kuenea pwani yetu, elimu ilikuwa na mizani yake, nayo ni ijaza. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh wake, akamsomea kitabu tangu bismillahi hadi tamati, akasahihishwa kila alipoteleza; na sheikh alipotosheka kwamba kitabu kimefahamika, alimpa idhini ya kukisomesha, idhini ambayo yeye naye aliipata kwa mwalimu wake. Katika elimu ya namna hiyo alikulia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyesoma kwa Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, na huko Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, hata akaanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Fadhila ya ijaza ni kwamba mwalimu humjua mwanafunzi wake kwa miaka, katika siku zake njema na siku zake mbaya. Na upungufu wake ni kwamba haiwezi kupima watu elfu kwa mara moja, wala haimfai mtu asiyepata njia ya kuketi mbele ya sheikh.

Upungufu huo ndio mtihani wa kuandika ulioujia kuuziba. Wachina waliwachagua maofisa wa dola yao kwa mitihani kwa zaidi ya miaka elfu, hadi mwaka 1905, wakitaraji kwamba kalamu itaishinda nasaba. Mtihani wa Cambridge uliofanywa na watoto wetu zama za ukoloni ulikuwa na insafu ya namna hiyo hiyo: maswali yalitoka Uingereza, majibu yakarejeshwa huko huko, na mtahini aliyeyasoma hakumjua mwandishi, wala baba yake, wala mtaa wake. Lakini mtazame mtahiniwa mwenyewe, katika msimu wa joto la Mombasa, ameweka karatasi ya kufyonza wino chini ya kiganja ili jasho lisimharibie maandishi, jicho moja liko kwenye swali na jingine kwenye saa ya ukutani, anatafuta kwa lugha ya kigeni neno ambalo jana alikuwa nalo ulimini. Mtahini aliyeko ng'ambo ataliona kosa, jasho hataliona.

Mlango uliokuwa mbele ya mtahiniwa huyo ulikuwa mwembamba kweli. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 na wanafunzi 14, na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ndiyo iliyotazamiwa na vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar waliotamani elimu ya juu bila ya kuvuka bahari. Kijana wa Mombasa aliyekubaliwa alipanda treni, akakivuka kivuko cha Makupa ambapo kisiwa huagana na bara, akasafiri kwa reli iliyofika Kampala mwaka 1931.

Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufiwa na baba yake mwaka 1947, hakuipanda treni hiyo. Katika mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, na Makerere ikamkataa. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, huko Tudor, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Na huenda angebaki karani, lau si hotuba aliyoitoa katika Maulidi ya Mtume, mbele ya Gavana Philip Mitchell, iliyomfungulia njia ya ufadhili wa kwenda Huddersfield nchini Uingereza kukamilisha masomo yake. Akahitimu Manchester mwaka 1960 na Columbia mwaka 1961, na Oxford ikamtunuku udaktari mwaka 1966. Lakini kabla ya udaktari huo, mwaka 1963, Makerere ilimwajiri awe mwalimu, na mwaka 1965 ikampa uprofesa.

Je, mizani ilisema uongo? La, ilisema kweli ndogo, na watu wakaisikia kuwa kubwa. Mtihani ni kama mpishi anayeonja chungu kwa kijiko kimoja: kijiko hicho ni cha mchuzi ule ule, lakini nyama iliyo chini hakikuifikia. Karatasi za Cambridge hazikuuliza kama kijana huyu aweza kusimama mbele ya hadhara akaishika kwa hoja. Fauka ya hayo, nafasi zikiwa chache, mstari hukatwa mahali ambapo watahiniwa wamesongamana, hata tofauti ya wa mwisho kuingia na wa kwanza kukataliwa ikawa ni alama moja mbili, ambazo usingizi mbaya au swali lililobahatika zaweza kuzipindua.

Kisha mizani yenyewe hubadilika. Katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, waliopata alama ya A mwaka 2015 walizidi 2,600. Mwaka 2016, ulinzi dhidi ya udanganyifu ulipokazwa na namna ya kutoa alama ilipobadilishwa, walikuwa 141. Akili za watoto wa nchi nzima hazipungui hivyo kwa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mizani, na mzazi wa Makupa aliyemlinganisha mwanawe wa 2016 na kaka yake wa 2015 alilinganisha pishi na kibaba.

Sisemi mtihani uondolewe. Ukiondolewa, watakaofaidi ni wenye jamaa ofisini, na mtoto wa mchukuzi wa bandarini atapoteza shahidi wake wa pekee. Nasema kwamba chuo chenye mlango mwembamba kina deni la kujenga mlango wa pili, ulio wazi na unaojulikana, ambapo mwalimu aliyemjua mwanafunzi kwa miaka husikilizwa, kama alivyosikilizwa sheikh mwenye ijaza, na aliyeteleza mara moja huja akapimwa tena. Ali Mazrui alifariki mwaka 2014, akarejeshwa nyumbani akazikwa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Ngome ya Yesu. Mlango wa pili aliupata kwa sababu gavana alikuwapo usiku ule. Nao waliopata daraja la tatu pamoja naye, ambao hawakualikwa kusema katika Maulidi yoyote, hatutazijua kamwe hotuba walizokuwa nazo.